Nani Kaila Jumapili

Kitendawili.
Nilipanda Jumamosi, saa tano usiku, Santiago,
nikashuka Auckland Jumatatu, saa kumi, jogoo bado hajawika.
Hapo katikati, nani kaila Jumapili?

Kijana wa kaunta alikuwa na jibu.
Alichora mstari nyuma ya bahasha:
kilomita elfu tisa, mia sita na ushei,
saa kumi na tatu kwenda, upepo ukikupiga usoni,
kumi na moja kurudi, upepo ukikusukuma mgongo.
"Siku yako utarudishiwa," alisema, "ukirudi,"
kama mtu anayezungumzia chenji.

Wahenga husema safari ni hatua.
Hii haikuwa na hatua hata moja.
Ilikuwa na mkanda, na wali vuguvugu,
na mtoto wa kiti cha nyuma
aliyenipiga mateke kutoka bara hadi kisiwani,
na ramani ndogo ambamo ndege nyeupe, kubwa kuliko Peru,
ilikaa juu ya maji ya buluu
isionekane kusogea.

Mama yangu, Zunilda, hapimi kwa kilomita.
Yuko Melipilla, anafuma.
Nilipompigia kumwambia nimefika, alisema:
"Nimemaliza mkono mmoja, na wa pili umefika kiwiko.
Ni mbali, basi."
Kisha akanisimulia Jumapili,
ile nisiyokuwa nayo:
mvua ilinyesha asubuhi, bata wa kwa Ordenes wakaingia jikoni,
akapakua sahani mbili za maharage, mazoea tu,
akala moja, ya pili akaifunika.
Nilisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

Miaka mitatu nikakamua ng'ombe wa Bwana Tuhoro,
mia mbili tisini na wawili, gizani,
ukungu ukipanda kutoka mto Waikato.
Mimi nikiamka Jumanne,
mama yuko bado kwenye chakula cha mchana cha Jumatatu.
Tukazoea kuulizana, hata kabla ya salamu:
"Kwako ni lini?"

Halafu nikarudi.
Jumamosi alfajiri nilikamua mara ya mwisho, nikaosha buti,
nikamwachia Tuhoro ufunguo juu ya dumu la maziwa.
Saa kumi na mbili jioni magurudumu yakaiacha Auckland,
na saa saba mchana, Jumamosi hiyo hiyo,
yakagusa Santiago.
Soma tena. Mimi mwenyewe nilisoma tena,
kwenye tiketi, kwa kidole.

Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa jikoni kwa mama,
sufuria ikifuka, saa ya ukutani ikitembea kwa kuchechemea.
Nikamwambia: "Mama, kwa saa hii, mimi sijaondoka.
Niko kwenye foleni, nimevua viatu,
mlinzi ananipekua mfukoni."
Akanitazama kwa juu ya miwani.
"Kama wewe uko huko,
huyu anayenimalizia mkate ni nani?"

Ilipotimu saa kumi na mbili kamili tulinyamaza wote wawili,
yeye na kijiko, mimi na mkate.
Ndipo nilipoondoka.

Sweta lilikuwa kitandani, rangi ya majivu,
mikono yake ikinipita vidole kwa shubiri nzima.
"Sikujua pa kuishia," alisema,
"kila ukipiga simu, naongeza mistari."
Nikaikunja mara mbili. Haikutosha. Mara tatu.

Kesho yake Jumapili.
Nilikesha nikiilinda, isije ikapita tena.
Mvua haikunyesha. Bata walikuja.